Shimo la Mdako

Ubaoni niliandika saba jumlisha tatu,
chaki ikakatika, nikaokota kipande, nikarudia.
Somoe Nankoma akatazama dirisha.
Saba ya ubaoni haimjui, naye haijui,
wamekutana tu, kama wageni kwenye kilio cha jirani.

Nikamwita mzito. Si kwa sauti.
Niliandika kwa penseli, pembeni mwa daftari la mahudhurio.
Penseli, nilijiambia, hufutika.

Saa nne, uji umeisha,
nikamkuta nyuma ya choo kipya kisichoezekwa,
kaketi, miguu kaipanua kama mkasi,
katikati shimo, kalichimba kwa kijiko.
Huku kwetu Tandahimba ni mchanga mtupu,
kokoto unaitafuta siku nzima;
basi korosho, na maganda yake,
kumi, za kuokoteza.

Karusha ndimu juu.
Kabla haijarudi, mkono umekomba zote nje.
Karusha tena: zirudi shimoni, moja ibaki.
"Ngapi ndani?" nikauliza, nimesimama nyuma yake kama polisi.
Hakugeuka. "Tisa."
Karusha. Mbili nje. "Nane."
Tatu nje.
"Saba. Mwalimu, unaniharibia."

Nikakunja suruali yangu ya pasi, nikaketi mchangani.
Ndimu ikanipiga puani.
Wakaja wote, darasa zima na nzi wao,
Likwata akihesabu nilivyoshindwa: "Mara sita!"
"Tano na moja," Somoe akasema,
maana kwao, kwa Kimakonde cha bibi yake,
sita haina jina lake mwenyewe,
ni mkono mzima na kidole cha kuazima.
Mimi nilisomea chuo miaka miwili
sijawahi kuiona sita ikiwa na mkono.

Jumatatu nikaagiza: kila mtoto, korosho kumi.
Jumanne baba yake Shaibu akafika na baiskeli, hakushuka.
"Watoto hamsini na wawili, mara kumi.
Mwalimu, hizo ni kilo mbili na nusu na kichele!
Mnada ni wiki ijayo."
Alipiga hesabu hiyo kwa hasira, bila karatasi,
mguu mmoja kwenye pedali.
Nikaapa: Ijumaa zinarudi, moja moja.

Ijumaa zikarudi. Za Dadi zilikuwa nane.
"Kumi toa mbili?"
"Nane."
"Na mbili ziko wapi?"
Akafungua kinywa. Meno yana masizi,
mdomo umebabuka kwa mafuta ya ganda.
Nikampa alama ya vema. Ningefanyaje?
Nikamlipia mbili kutoka mfukoni,
kisha nikaanza kuwaza nimemfundisha nini.

Ikabaki sifuri.
Kila mwaka nimeiogopa siku hiyo:
unamwonyeshaje mtoto kitu ambacho hakipo?
Nimewahi kuchora duara, wakaniambia ni chapati.
Safari hii tukatoka nje, tukazunguka shimo.
Somoe akarusha ndimu, akakomba zote,
na hakurudisha hata moja.
"Ngapi ndani?"
Kimya. Mbuzi wa jirani akapita katikati yetu.
"Hamna," akasema Dadi.
"Limo shimo," akasema Sharifa.
Somoe akatumbukiza mkono, taratibu,
akautoa, akaonyesha mchanga ulipokomea,
juu kidogo ya kifundo:
"Sifuri inafika hapa."

Jioni nikafungua daftari nilifute lile neno.
Karatasi ni nyembamba, ufutio mkavu;
nikasugua, nikasugua,
ikatoboka.
Sasa kila asubuhi nikiita majina,
kidole changu kinapita kwa Likwata, kwa Shaibu, kwa Sharifa,
na kikifika kwa Somoe
kinatumbukia kidogo.